Rodi Laini kwenye Chuma Kizito

Shangazi aliisikia grenda kabla hajaiona ngazi. Sauti ya jiwe linalokula chuma ilimfikia angali ng'ambo ya barabara, naye akavuka bila kuangalia kulia wala kushoto. Pikipiki ikampigia honi. Hakugeuka.

"Zima," alimwambia kibarua aliyeinama juu ya mabaki ya ngazi.

Kibarua hakusikia, au alijifanya hakusikia. Shangazi akaufuata waya wa umeme mpaka ukutani, akauchomoa, akauviringisha mkononi kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo. Grenda ikaguguma, ikanyamaza.

"Mama, vipi wewe?" Mwenye Jengo alitokea mlangoni na bonge la funguo kiunoni. "Hii ni mali yangu. Nasafisha kwangu."

"Jana niliacha utepe wa polisi hapa. Uko wapi?"

"Upepo."

"Na grenda je, imeletwa na upepo huohuo?"

Koplo, msaidizi wake, alicheka puani, kisha akaacha haraka alipoona uso wa mkubwa wake. Kituoni wote walimwita Shangazi, mkuu wa kituo akiwemo, kwa sababu alikuwa na tabia ya shangazi aliyekuja kukaa bila kualikwa: anafunua kila sufuria na kuuliza kwa nini haijasuguliwa. Siku hiyo alikuwa amekaza taya. Ngazi hii ya chuma, iliyopanda ukutani kwa nje mpaka ghorofa ya juu, iling'oka juzi asubuhi na kumwangusha mshonaji aliyekuwa akishuka nayo. Mshonaji alifia palepale chini. Askari wa zamu walimkamata Mzee Cheche, fundi aliyeitengeneza, na leo alasiri gari lingempeleka mahakamani kwa kosa la kuua. Shangazi alipewa jalada alifunge. Yeye alikuwa amekuja kulifungua.

Akachuchumaa. Ngazi ilikuwa na boriti mbili nene za pembeni, na kila boriti ilishikwa juu na bamba la chuma lililozikwa ukutani. Boriti ya kulia haikuachia. Ilipinda, ikajinyonga, lakini mchomeleo ulibaki umeng'ang'ania bamba lake, mnene na wa mikunjomikunjo. Boriti ya kushoto ilikuwa imebanduka. Bamba lake lilibaki ukutani likiwa safi, na mchomeleo umeondoka na boriti, mwembamba, laini, wa kupendeza macho, kama lebo iliyotoka kwenye chupa iliyolowekwa.

"Kitendawili," alisema bila kuinua kichwa.

"Tega," Koplo alijibu. Alikuwa ameshazoea.

"Bibi harusi kalala usiku kucha, shuka haina hata kunyanzi."

Koplo akawaza. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Miji yako siitaki. Ni mchomeleo huu. Umelala juu ya chuma, haukukigusa. Chuma kizito hivi kinataka rodi inayong'ata kwanza, halafu rodi nzito ya kujazia. Hapa kuna mtu katumia rodi laini, ya kuchomelea madirisha."

"Fundi mwizi tu huyo," alisema Mwenye Jengo. "Amebana matumizi kwenye rodi. Mimi ngazi hii naipenda kama mwanangu, afande. Hata rangi hii unayoiona, nimeipaka mwenyewe kwa mkono wangu mwezi uliopita, kila pembe. Siwaamini mafundi rangi."

"Umeipaka vizuri."

"Ahsante."

Shangazi alikuwa akitazama ukuta. Bamba la kulia lilizungukwa na saruji kuukuu iliyofanya ukungu. La kushoto lilizungukwa na saruji nyeupe, mpya. Kisha akapitisha kucha kwenye kipande kilichobanduka, upande wa nyuma, ambako hakukuwa na mchomeleo wowote bali mwanya uliojazwa kitu kigumu cha kijivu chini ya rangi. Kucha ikaacha alama. Kwenye chuma kucha haiachi alama.

"Kata boriti zote mbili, mbali na michomeleo, na ya kulia uitoe na bamba lake," alimwambia kibarua, akamrudishia waya. "Koplo, simama hapa. Akigusa mchomeleo, mfunge pingu pamoja na bosi wake, wafundishane usafi."

*

Kwenye benchi la nje ya kituo alikaa mume wa mshonaji, mikono magotini, kama alivyokaa jana. Shangazi alipompita alisema, "Afande, nataka kumwona tu. Aniangalie."

"Utamwona, baba. Ngoja niwe na uhakika ni nani."

"Si mnaye ndani?"

Shangazi akapita. Aliingia chumba cha mahojiano akaviweka vipande viwili vya boriti mezani, mbele ya Mzee Cheche. Mzee alikuwa mdogo wa umbo, nyusi zimeungua na kuota na kuungua tena maisha yake yote. Kikombe cha chai kilikuwa kwenye mkono wake wa kulia. Alivitazama vipande mara moja tu.

"Nimeshawaambia. Kazi ni yangu. Andika nitie sahihi."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

"Hiki cha kulia umetumia rodi gani?"

"Ya kung'ata, kisha rodi ya jikoni."

"Ya jikoni ndiyo ipi?"

"Rodi nzito, ya chuma kizito. Ikipata unyevu inaharibika, kwa hiyo sisi tunaziweka kwa mwoka mikate jirani, kando ya tanuri, zikae kwenye joto. Ndiyo maana tunaziita hivyo."

"Na hiki cha kushoto?"

"Ya jikoni vilevile. Siku hiyo tanuri la mwoka mikate lilikuwa limezimwa, rodi zikapata unyevu, nami nikapuuza. Ndiyo hivyo. Andika."

"Mzee, usinione nimevaa kitenge ukadhani nimekuja msibani. Rodi yenye unyevu inaacha matundu. Ukivunja mchomeleo wake, ndani ni kama mkate. Hapa hakuna hata tundu moja. Na rodi hii si nzito."

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Nakufundisha kudanganya. Hujui."

Mzee aliweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagika mezani. "Mwanamke, mtu amekubali kosa. Wengine mnawapiga wakubali. Mimi nimekubali bure, na bado unanisumbua. Unataka nini?"

"Nataka kujua kwa nini mawimbi ya mchomeleo huu yamelala huku," akagusa cha kulia, "na ya huu yamelala kule. Huyu ameshika rodi kwa mkono wa kulia. Huyu wa kushoto."

Mzee akavuta mkono wa shati lake akaanza kufuta chai.

"Binti yangu amekuja leo?" aliuliza mwishowe.

"Tangu juzi hajakosa kuja. Anatutukana mpaka koo linakauka, tunampa maji, anaendelea."

"Mwambie asije tena," alisema Mzee Cheche. "Mwambie nimesema hivyo mimi."

*

Mwoka mikate hata hakumngoja Shangazi amalize swali.

"Nani kasema tanuri langu lilizimwa? Mzee Cheche? Basi amechanganyikiwa. Tanuri hili halijapoa tangu nilipolirithi. Likipoa matofali yanapasuka, mimi nakula nini? Rodi zake zile pale, mzigo mzima, zina joto kuliko mkate wako wa asubuhi."

"Sijanunua mkate."

"Ndiyo maana una hasira."

Shangazi akanunua mkate, akaubana kwapani, akaingia karakana ya Mzee Cheche, mlango wa pili. Mlango wa karakana ulikuwa umevunjwa bawaba, na mtu alikuwa ameandika WAUAJI kwa mkaa ukutani. Katikati, chini ya taa, mwanamke wa makamo alikuwa akichomelea bawaba mpya, kinyago usoni. Mtaa ulimwita Dada Kinyago kwa sababu ulikiona kuliko ulivyomwona yeye. Rodi ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto.

Alipomaliza alikiinua kinyago. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa cheche tu.

"Umekuja kunieleza nini? Usiku wamekuja kuvunja mlango. Nimepiga simu kituoni, nikaambiwa gari halina mafuta. Kumkamata baba lilikuwa na mafuta."

"Una haki ya kukasirika."

"Sikuomba ruhusa yako, Shangazi. Baba yangu ametengeneza nusu ya ngazi za mji huu. Ziko wapi zilizoanguka? Nitajie."

"Hiyo rodi unayotumia ni ipi?"

Mwanamke akaitazama kama vile ameulizwa jina lake. "Laini. Ya bawaba, madirisha, mageti mepesi. Inawaka kwa urahisi, haitoboi chuma chembamba."

"Ungeitumia kwenye ngazi ile?"

"Kwenye boriti? Ili niue watu?" Akacheka kwa uchungu. "Sikiliza. Chuma kinene, tena kilichokaa nje na kutu, ukikipa rodi laini kinakuchekea tu. Unaona mstari mzuri juu, ukidhani umemaliza. Chini hakujashikana. Lazima uanze na ya kung'ata, iingie mpaka kwenye mzizi. Gamba lote linaloachwa na rodi uligonge litoke, usafishe, ndipo ujaze na ya jikoni. Pande zote mbili, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo ngazi. Rodi laini kwenye boriti labda kwa kushikiza tu, kazi isubiri. Maana kuikata baadaye ni rahisi."

Shangazi akafungua gunia, akaweka kipande cha kushoto juu ya meza ya kazi.

Dada Kinyago alikiinamia. Akakivua kinyago chote. Akasogeza taa. Kidole chake kikafuata mawimbi ya mchomeleo, taratibu, mpaka mwisho, pale ulipoishia na kijishimo kidogo kama cha kidole gumba kwenye ugali.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Ndicho kilichoachia."

"Haiwezekani. Hiki kilikatwa. Alileta fundi mwingine akakikata, akachomelea upya."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye Jengo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Alivunja ukuta kupitisha bomba la maji, wakalitoa bamba la kushoto, wakalirudisha na saruji mbichi. Boriti iliegemezwa kwenye gogo. Baba alikuwa amesafiri, basi Mwenye Jengo akaniita mimi. Akasema, nishikizie tu isiyumbe, saruji ikauke, baba yako akirudi atachomelea. Nikamwambia mtu asipite. Akatia mnyororo pale chini, nikauona kwa macho yangu. Baba aliporudi akamfuata, akaambiwa usijisumbue, nimepata mwingine, kazi imekwisha. Baba akaudhika, akasema basi, kila mtu na mteja wake."

"Hamkwenda kuangalia?"

"Tukaangalie kazi ya fundi mwingine?" alisema, kisha akakitazama tena kipande, kwa kuwa jibu lilikuwa mezani. Mafundi wa mtaa ule hawachungulii kazi ya mwenzao. Ni kama kufunua chungu cha jirani. Mwenye Jengo aliijua desturi hiyo.

"Baba alikiona siku alipokamatwa," alisema Dada Kinyago. "Walimpitisha pale. Alikiona, akanyamaza. Kwa hiyo mimi tangu juzi natukana watu bure."

"Hukutukana bure. Kituo kina gari, na mafuta lilikuwa nayo," Shangazi alisema. "Huku nyuma je? Ulijaza nini?"

"Nyuma sikugusa. Nimekwambia, nilishikiza tu." Akakigeuza kipande, akakwangua rangi kwa ncha ya tindo. Unga wa kijivu ukadondoka. Akaunusa. "Hii ni pati. Ya mafundi rangi, ya kuzibia nyufa. Sisi hatuna pati hapa."

*

Mwenye Jengo alikuwa ofisini kwake chini ya jengo, simu sikioni. Shangazi aliketi bila kukaribishwa, akaweka mkate mezani, akamega.

"Mchomeleo wa kushoto si wa Mzee Cheche," alisema.

Simu ikashushwa. "Ni wa nani?"

"Wa binti yake."

Uso wa Mwenye Jengo ulifunguka kama dirisha. "Kumbe. Sasa nakumbuka, alikuja binti. Nikamwambia, chomelea kabisa, pande zote, kazi ya kudumu. Kumbe amenitegea kifo. Mkamateni. Wanawake na moto wapi na wapi."

"Ulimwambia kazi ya kudumu."

"Naapa."

"Na fundi mwingine uliyemwambia Mzee kwamba amemalizia kazi?"

"Hakuna fundi mwingine. Wa nini, wakati kazi ilikwisha? Huyo Mzee anazeeka, anasikia mambo yake."

"Kwa hiyo wewe hukujua kama kuna kasoro."

"Ningejuaje, afande? Mimi si fundi chuma. Niliona mstari mzuri, nikapaka rangi."

"Kwa mkono wako, kila pembe."

"Kwa mkono wangu."

Shangazi alitafuna mkate mpaka ukaisha mdomoni. Hasira aliyokuja nayo tangu asubuhi ilikuwa imetulia sasa, kama maji kabla ya kuchemka.

"Kitendawili."

"Afande, mimi nina kazi."

"Jibu tega."

"Tega basi."

"Nikikiziba, nakiri nimekiona."

Mwenye Jengo alitazama mlango. Koplo alikuwa ameegemea hapohapo, mikono kifuani.

"Sijui."

"Ufa," alisema Shangazi. "Chini ya rangi yako kuna pati. Nyuma ya boriti yule binti hakuchomelea, kwa kuwa wewe ulimwambia ashikize tu. Ukabaki mwanya. Hakuna anayepaka pati kwenye mwanya asiouona. Uliuona, ukajua kazi haijaisha, ukauziba usionekane, ukapaka rangi, ukatoa mnyororo. Wapangaji wa juu walikuwa wanalalamika, siyo?"

"Walikuwa wananitishia kuhama," alisema Mwenye Jengo haraka, kisha akasikia alichosema. "Mshonaji mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Kila siku, bosi ngazi, bosi ngazi, wateja wangu wazee hawawezi kuzunguka nyuma. Nikampa ngazi. Sasa kosa langu nini?"

Koplo ndiye aliyemfikia kwanza. Shangazi alikuwa bado amekaa, na aliposimama ilibidi aushike ukingo wa meza, kwa jinsi mikono yake ilivyotaka kufanya kitu kingine.

"Mfunge pingu," alisema. "Mbele ya wapangaji. Na funguo hizo zitoe kiunoni, anaringa nazo."

*

Kituoni, Mzee Cheche alikuwa ametolewa mahabusu na kukalishwa korido. Alipomwona binti yake akiingia nyuma ya Shangazi alisimama.

"Nilikuambia umwambie asije."

"Nimekuja mwenyewe, baba."

"Mimi nina miaka mingapi ya kuishi? Gari la mahakamani lingenichukua, yakaisha. Wewe una watoto." Akamgeukia Shangazi. "Nilikupa jina langu. Lilikuwa jina zima. Ulikuwa na shida gani nalo?"

"Lilikuwa la uongo, Mzee."

"Ungeniacha nikakuzike nikiamini umeua mtu?" binti alimuuliza baba yake. "Nilale kwenye nyumba yako, nile kwa karakana yako, nikichukia mikono yako? Hilo ndilo ulilonipangia?"

Shangazi akamweleza binti, bila kulainisha, kwamba ataandika maelezo yake yote na mwendesha mashtaka ataamua. Anaweza kuwa shahidi. Anaweza pia kushtakiwa. Hakuna wa kumwahidi.

"Usiandike," alisema Mzee. "Mwenye Jengo wanaye, inatosha."

Mume wa mshonaji alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine: fundi mzee, binti, na nyuma yao Mwenye Jengo akipitishwa kichwa chini na Koplo.

"Ni yupi?" aliuliza.

"Anayepita ndiye aliyeficha ufa na kufungua ngazi," alisema Shangazi.

"Na aliyechomelea?"

"Mimi," alisema Dada Kinyago. Alimtazama usoni, kama mume huyo alivyotaka kutazamwa. "Haikuwa imekwisha. Nilishikiza tu. Ni kama," akatafuta, "ni kama mshonaji anapopiga bandi. Uzi wa kushikia nguo kabla ya mshono wenyewe. Mtu akaichukua ikiwa na bandi, akaivaa."

Mume wa mshonaji alimsogelea hatua moja.

"Mke wangu akipiga bandi," alisema, "nguo haikutoka dukani. Mteja alie, atukane, atishe kuondoka. Aliifungia kabatini."

"Mimi sikuifungia," alisema Dada Kinyago. "Nilimwachia mwenye kabati."

Mzee Cheche alimshika mkono binti yake amvute nyuma. Akaukwepesha.

"Basi kaandike hivyo," alisema mume wa mshonaji. "Hivyohivyo ulivyosema. Usipunguze lake, na lako usipunguze."

Shangazi alifungua mlango wa chumba cha mahojiano. Dada Kinyago akaingia, akaketi kwenye kiti alichokalia baba yake asubuhi, akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na kabla hajaulizwa swali lolote akaanza kuandika.